Marundo ya Tembo na Mizinga ya Baba Maria

Kwa miaka miwili mizima niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba tembo wa misitu ya upande wa Runzewe wanakunya dhahabu. Msicheke. Nyinyi wenyewe mlikuwepo kwa kinyozi pale Kambarage, hapa Shinyanga, siku Sospeta aliporudi kutoka machimbo ya Geita na jino la dhahabu, akafungua kinywa tukamulikwa wote kama na taa ya treni. Alisema kule tembo hula udongo, jambo ambalo ni kweli. Alisema udongo wa kule una dhahabu, nalo ni kweli. Basi, akasema, tumbo la tembo linafanya kazi ya karai la kuoshea dhahabu: majani yanayeyuka, dhahabu inabaki. "Hesabu ndogo tu hiyo," alisema. Na mimi niliyekuwa nimetoka kupata cheti cha shule ya jioni, hesabu nikiwa na alama ambazo mwalimu alisema hajawahi kuziandika tangu azaliwe, niliikagua nikaona haina kosa.

Ndiyo sababu niliacha kazi yangu ya mizani ya pamba nikaenda kuwa karani wa msafara wa kuhesabu wanyama wakubwa. Mke wangu aliponiuliza naenda kutafuta nini porini, nilimwambia ni kwa ajili ya taifa. Namna kazi ilivyopatikana, barua na mihuri yake, nawaachia. Mmeniuliza yaliyotokea, na yaliyotokea ni haya.

Kambarage mpaka Kahama

Mkuu wa msafara alikuwa msichana. Naam, jina lake Leokadia, Mhaya, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwembamba kama fimbo ya mchungaji, na Land Rover aliiendesha mwenyewe. Tulipopita sokoni asubuhi ile, mji mzima ulisimama kutazama. Hata mbuzi, nadhani.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa salamu. Mimi ni mtu mzima, baba wa mapacha, kwa hiyo kila asubuhi aliniamkia, "Shikamoo, Baba Kulwa." Nami nikajibu, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya kizee kabisa. Kisha mwanangu ananiambia, "Haya, ingia chini ya gari ukaze nati." Kwa muda wa wiki nzima sikujua niweke wapi uso wangu.

Kabla ya kufika Kahama springi ya nyuma ilikatika. Tulikaa kando ya barabara tangu saa nne mpaka jua linapinda, tukiifunga kwa kamba ya mkonge na kipande cha mti. Akapita bibi mmoja anachunga ng'ombe wake, akasimama.

"Ng'wadila," akatusalimu kwa Kisukuma.

"Ng'wadila, mayu," nikamwitikia kama mama yangu.

"Mnakwenda wapi na gali bovu?"

Nikamwambia tunakwenda kuhesabu wanyama.

"Wa nani?"

"Wa porini, mayu. Wa serikali."

Akafikiri. "Na selikali ikihesabu wake ikakuta wamepungua, itakuja kujazia kwa wangu?"

Nilimweleza kwa Kisukuma na Kiswahili, kwa mikono na macho, kwamba twiga hajazwi kwa ng'ombe. Akaitikia kwa adabu kabisa, halafu akawaswaga ng'ombe wote kichakani mpaka mkia wa mwisho ukapotea. Baada ya hapo akarudi peke yake, akatuletea matobolwa kwenye kibuyu na maziwa ya mgando. Viazi vile vilikuwa vikavu kiasi kwamba ukivitafuna mtu wa Tabora anakusikia, lakini ukivichovya kwenye maziwa, ndugu zangu, hutamani pilau ya harusi. Leokadia alikula akaandika kwenye daftari lake. Nilichungulia. Aliandika: "Watu wanaogopa kuhesabiwa. Tuwe waangalifu kusema."

Kwenye kizuizi cha mbung'o

Mbele ya Ushirombo kulikuwa na kizuizi cha mbung'o, wale nzi wa malale. Ambaye hajakiona, ni mti uliolala barabarani na mtu mwenye wavu mdogo kama wa kuvulia dagaa. Kila gari linalotoka au kuingia anazunguka nalo, anakamata mbung'o, anawaandika kwenye kitabu.

Kwetu alikamata mmoja. Mmoja tu! Akatangaza kwamba gari lazima lipuliziwe dawa, na mpuliza dawa amekwenda kwenye mazishi ya shemeji yake, atarudi kesho akipenda Mungu. Leokadia alisema tunaingia kwenye mbung'o, hatutoki. Yule bwana akasema mbung'o hana habari ya kuingia wala kutoka.

Tukalala pale. Kwa kuwa wote wawili tulikuwa makarani, yule bwana na mimi, jioni tulionyeshana vitabu. Chake kilikuwa safi, mistari imepigwa kwa rula. Akakifungua changu, akasoma kichwa cha ukurasa nilichokwisha kukiandaa: Rundo, Mnyama, Hali, Umbali.

"Rundo la nini?"

"La kinyesi. Tembo mwenyewe unaweza usimwone mwezi mzima, lakini kinyesi hakikimbii. Unahesabu hicho."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Baba, umesoma shule ya jioni, ukaacha kulala na mkeo miaka mitatu, ili uje uhesabu mavi?"

"Na wewe unahesabu nzi."

"Ndiyo, lakini wangu wanaruka."

Nilikifunga kitabu. Nilikuwa na siri yangu moyoni, nikamwacha acheke.

Runzewe

Runzewe tulifika siku ya soko. Kabla hata hatujashuka habari zilikuwa zimetutangulia kwamba amekuja Bibi Nyama. Bwana Nyama walimzoea, yule anayekamata wawindaji, lakini Bibi Nyama hawakuwahi kumwona, kwa hiyo walikusanyika kana kwamba askofu amekuja. Wanaume waliokuwa wakiuza nyama kavu ya paa chini ya turubai ghafla wakawa wanauza vitunguu.

Leokadia alitafuta mtu wa kutuongoza, anayejua nyayo. Wote walimtaja mmoja: Baba Maria, mrina asali, Mkatoliki wa kwaya, mtu mfupi mwenye mikono iliyovimba vidole kwa miaka ya kuumwa na nyuki. Alikuja, akakaa juu ya ndoo yake ya asali, akauliza swali moja tu.

"Mkikuta tembo wengi, msitu utafungwa?"

Leokadia hakumdanganya. "Unaweza ukafungwa. Wakikutwa wengi, wakubwa watasema pawe pori la akiba, watu watoke. Wakikutwa wachache, mtaendelea na mizinga yenu kwa kibali."

"Mizinga yangu ni sitini. Yote iko ndani." Akapangusa mikono. "Mimi ndiye nitakayekuonyesha tembo, kisha hao tembo wanifukuze?"

"Nitaandika kilichopo, baba. Sitaongeza wala sitapunguza."

Aliinuka kutoka kwenye ndoo. Kisha akasema, "Kilichopo nakijua. Tembo wa huku si wengi. Wanapita wakienda kwenye maji na kurudi. Andika hivyo hivyo kilichopo, mimi nitakuja."

Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu nyumbani kwake. Mama Maria alituletea asali ndani ya bakuli, nami nikaimimina yote juu ya ugali nikidhani ni mchuzi. Nilikula mpaka mwisho, kwa sababu mgeni hatemi. Mpaka leo Runzewe wananiita Karani wa Asali.

Kwenye mstari

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Leokadia anashika dira, tunakwenda moja kwa moja kama uzi, mlima au bwawa, hatukwepi. Baba Maria anatangulia. Kila rundo tunalolikuta tunapima umbali wake kutoka kwenye mstari, ninaandika. Baba Maria alikuwa anasoma kinyesi kama mimi ninavyosoma gazeti. "Hili la nyati, kama la ng'ombe lakini mwenye haraka. Hili la korongo, swala si ndege, la jana. Hili la pofu, swala mkubwa kuliko wote. Hapa tembo jike na mtoto, wamesimama, wamekula gome, mtoto ameanguka." Mimi niliona nyasi.

Siku ya nne nyati alitutokea. Alikuwa mkubwa kama tela la pamba lililoshehena, pembe zake zimefika hapa na hapa, anapumua moshi. Nilipanda mti ambao baadaye walinionyesha kwamba hauna tawi hata moja. Baba Maria aliniambia nishuke, alikuwa ndama anamtafuta mama yake. Mimi naeleza nilivyoona.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye jambo. Kuhesabu marundo hakutoshi. Lazima ujue rundo linaishi siku ngapi kabla halijaliwa na mchwa na kusambaa. Kwa hiyo kila rundo bichi la tembo tulilipigia kigingi chenye rangi nyekundu na namba. Kila baada ya siku kadhaa mtu anapita: likiwa bado lina umbo, anaandika "hai", likiwa limekwisha, anaandika "limekufa". Mtu huyo alikuwa mimi. Vigingi arobaini, upande wa kaskazini, peke yangu na kitabu.

Na karai, ambalo nililificha kwenye shina la mti.

Ndugu zangu, nilifanya. Nilichukua rundo la kigingi cha kwanza, nikaenda nalo bwawani, nikalivunja, nikalizungusha kwenye maji kama Sospeta alivyotuonyesha. Majani yakaenda. Chini ya karai vikabaki vitu vidogo vinang'aa, vya njano, vyembamba. Moyo ulinipiga nikadhani nyati amerudi. Nilivikusanya kwenye kopo la dawa ya viatu. Kesho yake rundo la pili. Siku zilizofuata matatu, manne. Kitabuni niliandika "limekufa". Nilijiambia si uongo: rundo limekufa kweli, sikuulizwa nani kaliua.

Baada ya wiki tano kopo lilikuwa limejaa nusu. Nilikuwa nimekwisha kununua, kichwani, nyumba ya bati Kambarage, mashine ya kusaga, na jino.

Siku ya mvua

Mvua ilitushika mchana mmoja, tukakaa chini ya turubai wote watatu. Leokadia alichukua fursa hiyo kupiga hesabu. Alipiga, akafuta, akapiga tena. Uso wake ukabadilika.

"Sielewi," akasema. "Marundo yanakufa upesi mno. Sijawahi kusoma popote yanakufa hivi."

"Mchwa wa huku wakali," nikasema haraka.

Baba Maria akauliza ina maana gani.

Leokadia akamwelezea kwa mfano. "Baba, chukulia nimeingia kwako nikakuta sufuria kumi chafu. Kama Mama Maria huosha mara moja kwa wiki, nitasema hao ni wageni wa wiki nzima, wachache kila siku. Lakini kama naambiwa anaosha kila jioni?"

"Nitakuwa nimefanya sherehe," Baba Maria akasema. "Na mke wangu usimwingize, anaosha anapotaka."

"Basi ndivyo. Marundo haya yanaondoka upesi sana, na bado tunayakuta mengi kwenye mstari. Kwa hiyo tembo waliyoyaacha lazima wawe wengi mno." Akasoma idadi. Sitaitaja hapa, lakini mimi, mtu anayependa kuongeza chumvi kuliko mtu yeyote Shinyanga, hata mimi niliona imezidi.

Baba Maria alivaa viatu vyake. Mvua ilipopungua akachukua shoka na kamba akaondoka. Nilidhani amekwenda haja. Baada ya muda nikasikia nyuki.

Nilimkuta amepanda juu, anauteremsha mzinga. Haukuwa msimu, ndani kulikuwa na watoto wa nyuki tu, asali kidogo. Mwingine ulikuwa tayari chini, umepasuka, nyuki wametanda kama moshi, hawajui waende wapi.

"Baba Maria! Unafanya nini?"

"Ninahama."

"Hawajaufunga msitu bado!"

"Huyo msichana haongezi wala hapunguzi. Umeisikia idadi. Nikingoja askari waje, nitaiacha yote sitini. Heri nianze mapema." Akaendelea kulegeza kamba, uso umevimba. "Ila nashangaa, Baba Kulwa. Miaka thelathini nimetembea humu. Kama tembo ni wengi hivyo, mimi nilikuwa natazama wapi?"

Hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana ningevumilia. Alikuwa anayalaumu macho yake mwenyewe, mtu anayejua tembo mtoto alipoanguka, kwa ajili ya kitabu changu.

Nilimwambia ashuke. Sikumwambia kwa nini. Nilirudi mbio turubaini, nikatoa kopo, nikaliweka mbele ya Leokadia, nikamwambia kila kitu: Sospeta, karai, bwawa, "limekufa". Nilisema kwa kasi, nikamalizia, "Chukua dhahabu yote, mwanangu, usimfukuze Baba Maria."

Hata kopo hakulitazama. Alilisukuma pembeni kama mtu anayesukuma kikombe kilichokwisha kunywewa.

"Namba," akasema.

"Namba gani?"

"Za vigingi ulivyovimaliza. Zote. Na siku uliyochukua kila kimoja. Usibuni hata moja, Baba Kulwa."

Asubuhi iliyofuata, mara ya kwanza tangu Shinyanga, hakuniamkia.

Kurudia

Tulianza upya na marundo mapya. Wiki sita. Kupita vigingi sikupewa tena. Nilibeba maji, nikapika, nikashika kamba ya kupimia. Vigingi alipita Baba Maria, na kwa kuwa hakujua kuandika, alikata alama kwenye fimbo: mkato kwa lililo hai, msalaba kwa lililokufa. Mimi nilinakili fimbo kitabuni huku Leokadia amesimama nyuma yangu akiangalia kalamu. Nzi wote wa kizuizini wangecheka.

Marundo yaliishi siku nyingi, kama yanavyotakiwa. Idadi ikashuka, ikashuka, mpaka Baba Maria alipoambiwa akasema, "Hao ndio ninaowajua," akarudi kuchonga mpini wa shoka lake. Leokadia aliandika kwamba tembo wapo na wanapita, na kwamba warina asali waendelee kwa kibali. Alimsomea barua nzima Baba Maria kabla ya kuifunga bahasha. Kesho yake akasema, "Shikamoo, Baba Kulwa," nikajibu "marahaba" kwa sauti ndogo.

Lakini mizinga miwili ilikuwa imevunjika, na nyuki wake wamekwenda zao. Baba Maria hakunitajia, na mtu asipokutajia ndio unasikia. Kwa hiyo siku ya kuondoka nililichukua kopo, ambalo Leokadia hakulitaka na mimi sikuwa nimethubutu kulitupa, nikamkabidhi.

"Hii ni yako," nikamwambia. "Fidia ya mizinga miwili. Utanunua na bati."

Alilifungua, akatazama ndani kwa muda mrefu sana. "Mimi sijui mambo ya dhahabu," akasema. "Twende kwa wanaojua."

Geita

Kwa bahati Leokadia alikuwa anapitia Geita kutafuta springi, maana ile ya kamba ya mkonge ilikuwa imefika mwisho wake. Baba Maria alivaa koti lake la kwaya, akakaa mbele. Njia nzima alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo: anauliza jina la kila kilima, anawapungia watu asiowajua, alisimamisha gari mara mbili kununua karanga. Nikasema moyoni, masikini, utajiri umeanza kumlewesha.

Machimboni watu walikuwa kama mchwa, wanaingia na kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wekundu kwa vumbi toka kisigino hadi kope. Kando ya dimbwi aliinama mama mmoja, mwoshaji, karai mikononi, mtu ambaye kila mtu alituelekeza kwake. Tukamwamkia. Nikamfungulia kopo kwa mikono miwili, kama padri anayefungua tabernakulo kanisani.

Hakugusa. Aliinama akapuliza, pu, kidogo tu, kama mtu anayepoza uji. Nusu ya utajiri wangu iliruka hewani, ikang'aa juani, ikatua kwenye koti la kwaya.

"Umetoa wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia. Aliweka karai chini ili acheke vizuri. Akawaita na wenzake waje wacheke. Nilimgeukia Baba Maria kumwomba radhi, nikakuta anajikung'uta koti, hana hata dalili ya kushangaa.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Huu ni ulanga, Baba Kulwa, vijiwe tu vinavyong'aa. Umejaa mpaka kwenye ukuta wa jiko langu. Dhahabu ni nzito, haipeperuki. Tembo anakula udongo kwa sababu una chumvi, basi, hakuna kingine anachotafuta." Akanipa kopo langu. "Mimi nilitaka tu kuiona Geita. Mizinga utanichongea. Mti nimeshauchagua, shoka nitakuazima."